Mkia wa Jiwe Jeupe

Mimi shuleni nilikaa miezi minne, na katika hiyo miezi minne wiki mbili nilikuwa naumwa macho. Herufi zilizobaki nilijimalizia mwenyewe kwa kusoma maandishi ya masanduku ya baruti. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akaniuliza cheti. Cheti sina. Lakini nipe nyundo, nipe mlima na siku tatu za kuuzunguka, nitakuambia jiwe jeupe limepita wapi, limelalia upande gani, na kama ndani yake mna dhahabu ya kumfaa mtu au mna kung'aa tu. Katika Uluguru nzima, kuanzia Bigwa mpaka Matombo, sijamwona bado Mluguru wa kunishinda kwa kazi hii. Wapo waliochimba kabla yangu, sikatai. Kuchimba hata fuko anachimba.

Habari ninayoiandika ni ya mwezi mmoja tu, miaka ile reli ilipokuwa haijafika Morogoro. Mwezi huo watu thelathini wa mlima wetu walikuwa mikononi mwangu. Nikiupata mshipa wa dhahabu uliotupotea, watabaki kwao na kupanda mahindi yao mvua ikinyesha. Nisipoupata, watapelekwa tambarare kulima pamba, na makonde yao yaote magugu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na sikuwa na shaka hata kidogo kwamba nitaupata. Hapo ndipo ilipoanzia taabu yote.

Kwanza nieleze nilivyoingia katika mawe.

Alikuja Mdachi mmoja, mtu mrefu mwembamba mwenye ndevu za rangi ya ubuyu, akitafuta wapagazi wa kupanda naye milimani. Nikachukuliwa. Mzigo wangu ulikuwa sanduku, na kila tulipolala lilikuwa limezidi uzito, kwa sababu lilikuwa sanduku la kuwekea mawe. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. "Mzungu huyu ana wazimu," walisema, "anambebesha mtu mawe katika nchi ya mawe!" Mimi sikucheka. Nilijiambia, mtu anayekula vizuri hivi hawezi kuwa mjinga, lazima yapo anayoyaona humo. Nikawa kila tukipumzika nafungua sanduku, natoa jiwe moja moja, nageuza, naramba. Siku ya nne akanikuta. Nilidhani nitapigwa. Akachuchumaa pembeni yangu akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Hilo limetoka wapi?"

"Kwenye mto wa jana, bwana, karibu na jiwe lenye mistari."

"Na hili?"

Nikamtajia. Nikamtajia yote, kumi na tisa, kila moja na mahali pake. Tangu siku hiyo sanduku alibeba mtu mwingine, mimi nikabeba nyundo.

Alinifundisha jambo moja ambalo watu wengi mpaka leo hawalijui. Watu hudhani dhahabu imemwagwa ardhini ovyo, kama mtama uliopasukiwa na gunia, basi mwenye bahati ataokota. Sivyo. Dhahabu ilipanda kutoka chini sana, ndani ya maji ya moto, na maji hayapandi penye ukuta mzima. Yanataka ufa. Mlima ulipopasuka, maji yakapata njia. Yalipopoa yakaacha jiwe jeupe kwenye ule ufa, na humo ndani yakaiacha dhahabu. Kwa hiyo mtu mwenye akili hatafuti dhahabu. Anatafuta mahali mlima ulipovunjika.

Mzungu alikuwa akinichorea mistari kwenye karatasi, lakini mimi nilielewa kwa nyumba. Nilishajenga nyumba nne za udongo kabla sijamjua. Nani hajui ukuta unapasukia wapi? Unapasukia pembeni mwa mlango. Unapasukia pale udongo unapokutana na nguzo, kwa sababu kimoja kigumu na kingine laini, havikauki pamoja. Na ufa ukienda ukipinda, pale kwenye kupinda ndipo unapoachama, unaweza kuingiza kidole. Mlima ni vivyo hivyo. Penye jiwe gumu ubavuni mwa jiwe laini, tazama hapo. Penye nyufa mbili kukutana, tazama mara mbili. Penye ufa kupinda, vua shati. Mzungu aliposikia habari yangu ya nyumba aliacha kuchora, akanitazama, akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Basi tukaupata mshipa wetu upande wa Mkuyuni, kwenye ubavu wa mlima ninaotoka mimi, chini ya kijiji cha mama yangu, mwendo wa kuchemsha maharage yakaiva. Jiwe jeupe lenye upana wa mkono, kutoka kiwiko mpaka vidole, limesimama wima kidogo katikati ya jiwe la mistari. Tukalisaga, tukaliosha kwenye karai, tukaona uzi wa njano umebaki chini. Mzungu akaenda boma kuomba watu, akapewa thelathini, wote wa mlima wetu, kwa sharti kwamba kazi ya migodi ikikwisha watakwenda kwenye pamba. Mimi nikawa nyapara. Nyapara aliyekaa shuleni miezi minne! Nilivaa kofia ambayo mama yangu alisema inafaa kukamulia nazi.

Miongoni mwetu mgeni alikuwa mmoja tu, Mnyamwezi aliyebaki kwetu baada ya misafara mingi. Sisi na Wanyamwezi ni watani, na mtani hana adabu, ndiyo haki yake. Yeye aliosha mchanga, na hakuna aliyemzidi kwa mkono wa kuosha. Kwa mdomo pia hakuna.

Tuliufuata mshipa ndani ya mlima hatua arobaini. Asubuhi moja sululu zikagonga, jiwe jeupe hakuna. Limekatika. Mbele yetu palikuwa na ukuta laini unaoteleza, umeng'aa kama kizingiti kilichokaliwa na wazee, wenye michirizo kama ya kucha. Mbele ya ukuta huo palijaa udongo mweupe unaonata, ukitushika miguu mpaka magotini. Na mshipa wetu, pale ulipokatika, ulikuwa na mkia: kipande chembamba cha mwisho kilichopinda kuelekea juu, kama mchuzi uliofutwa kwa kidole ukutani.

Mzungu aliingia kutazama akiwa anatetemeka. Homa ilikuwa imemshika siku ya tatu. Aliweka kidole kwenye ule mkia. "Mlima umekatika hapa," akasema, "nusu imekwenda. Mshipa umekwenda na nusu yake. Angalia mkia. Mkia unasema." Kisha akakaa chini kwenye matope na hakuweza kusimama.

Tukamweka kwenye machela apelekwe Morogoro. Kabla hawajamwinua akaniita. "Nitarudi mwezi ukiandama. Ukiwa umepata, tunaendelea. Hujapata, nafunga, watu nawarudisha boma. Mimi sina la kufanya zaidi ya hapo."

"Bwana," nikamwambia mbele ya watu wote, "utaukuta mshipa umekaa unakungoja, umevaa na kanzu."

Machela ilipopotea kwenye kona, mtani wangu akaniuliza, "Nyapara, unajua ulikokwenda?"

"Siku kumi nyingi."

"Mimi najua mtu mmoja aliyesema hivyo."

"Nani?"

"Kinyonga alipokuwa anakwenda harusini."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa maana nilijua hasa pa kuchimba. Chini.

Hapa naomba anielewe msomaji wa pwani au wa tambarare. Sisi tumezaliwa kwenye mteremko. Makonde yetu tunayakata kama ngazi, na mvua ikizidi ngazi moja inashuka na kulalia nyingine. Boga likikatika linatafutwa mtoni. Jembe likikuponyoka unashuka. Mbuzi akipotea, mtoto anaambiwa, shuka ukatazame. Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia kitu kilichopotea mlimani kikatafutwa juu. Hivyo mlima ukikatika na nusu yake ikaenda, itakwenda wapi? Niliuona mkia umepinda juu, na hilo pia nikalipatia sababu: nusu ilipoanguka, mshipa ulivutwa, ukakatika, ncha ikaruka juu kama kamba ya mbuzi iliyokatika. Nilijieleza vizuri mpaka nikajiamini. Wale thelathini nao wakakubali bila kuuliza, kwa sababu nao ni Waluguru. Aliyeuliza ni Mnyamwezi peke yake, na nikamwambia watu wa nchi tambarare hawajui milima.

Tukachimba chini siku kumi. Udongo na jiwe la mistari. Tukaongeza upana, mpaka siku ya kumi na nne. Maji yakatuingilia. Siku ya kumi na saba tulikuwa tumesimama kwenye shimo la kuzika tembo, na jiwe jeupe halikuwamo hata la ukubwa wa jino. Jioni watu hawakuimba. Mmoja, baba wa watoto watano, alikuja akakaa karibu nami, akasema taratibu tu, "Kaka, mke wangu ameshalima ngazi zote. Anangoja mvua. Nimwambie angoje na mimi, au angoje mvua peke yake?"

Nikainuka nikaenda kupima maji ya shimoni, ambayo nilikuwa nimeshayapima. Na mimi kumkimbia mtu mwenye swali si jambo linalotokea kila mwaka.

Kesho yake mtungi wetu wa maji ukavunjika, nikasema nitakwenda mwenyewe kuomba mwingine kwa mama. Ukweli nilitaka kuwa mbali na yale macho yao.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na si mfinyanzi wa kawaida. Vyungu vyake vilifika soko la Mkuyuni vikaisha kabla jua halijawa kali, na mimi majivuno yangu nimeyarithi kwake, aseme atakayesema. Nilimkuta barazani amekaa miguu imenyooka, mbele yake donge kubwa la udongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona uso umekuwa kama wa mtu aliyekalia siafu?"

"Nataka mtungi."

"Mtungi haumnunishi mtu hivyo. Kaa."

Nikakaa, nikamweleza yote, huku yeye anafanya kazi. Siku hiyo alikuwa anachanganya udongo mwekundu na mweupe. Alikuwa ameulaza mweupe katikati ya mwekundu kama mtu anayefunga kitu kwenye mkate, akasimamisha donge, akalikata wima kwa ukingo wa kibuyu, kisha akalisukuma pande moja juu kwa kiganja ili alitoe. Ni jambo alilolifanya mara elfu tangu mimi sijazaliwa.

Mimi nikaruka.

"Mama! Rudia!"

"Nirudie nini?"

"Hivyo ulivyosukuma. Kata tena usukume."

"Mwanamume wewe, umekuja kwa mtungi au kucheza na udongo?"

"Nakuomba, mama yangu."

Akatikisa kichwa, akakata upya, akasukuma pande moja juu. Nikainama mpaka pua yangu ikakaribia kugusa. Ule mstari mweupe ulikuwa umekatika vipande viwili. Kipande kimoja kilikuwa kimepanda na pande lake. Kile kilichobaki, ncha yake ilikuwa imeburutwa, imepinda, nyembamba, ikielekea juu. Ikielekea kule mwenzake alikokwenda. Ulikuwa mkia wetu ule ule, kama vile mama alikuwa ameingia shimoni akauona.

"Imepanda," nikasema. "Mama, nusu ile imepanda!"

"Mlikuwa mnaitafuta wapi?"

"Chini. Kitu kikianguka..."

"Nani alikuambia kimeanguka?"

Yeye akawa ananitazama mguu. Udongo wa shimoni ulikuwa umenikaukia mguuni mpaka gotini, mweupe kama unga. Akanyoosha kidole, akaukwangua kwenye muundi wangu, akautia mdomoni, akautafuna kwa meno ya mbele. Wafinyanzi wetu huujua udongo kwa meno. Macho hudanganya, jino linasikia mchanga. Akatafuna, akatema pembeni.

"Umeingia kwenye shimo letu?" Sauti ilikuwa imebadilika.

"Shimo gani, mama?"

"Usinidanganye. Huu ni udongo wa shimo letu."

Nikaapa. Kwetu mwanamume hafiki penye shimo la udongo wa vyungu. Tangu tukiwa wadogo tulijua kwamba njiani ukikuta nyasi zimefungwa fundo, hapo unageuka, kwa maana mbele kuna kazi ya wanawake. Mwanamume akifika, vyungu vitapasuka motoni, na nyumba nzima itakula vya kuchoma. Sikuwahi kulipita fundo lile, na sikujua shimo liko wapi hasa.

"Huu nimeutoa ndani ya mlima, mama, kwenye ule ukuta laini. Hatua arobaini chini ya ardhi."

Akafikiri. Kisha akaniambia jambo ambalo kama ningeliuliza siku ya kwanza ningeokoa siku kumi na saba za jasho la watu. Akasema mashimo yao ni matatu, na yote yamekaa kwenye mstari mmoja kama shanga, kutoka kijitoni mpaka juu karibu na chemchemi. Niliposikia hivyo kichwa kikaniwaka moto. Mstari! Mlima ulipokatika, pande mbili zilisagana kama mawe ya kusagia, na unga wake ndio ule udongo. Wanawake wa kwetu walikuwa wanafinyanga vyungu kwa ufa wa mlima tangu enzi za mabibi wa mabibi, na maji ya chemchemi yalitokea penye ufa huo huo.

"Lakini shimo la juu tuliliacha," mama akasema. "Ni korofi. Ukuta wake wa ng'ambo una mawe meupe, yanaingia kwenye udongo, hata ukichagua vipi. Chungu kinakuwa kizuri, unakichoma, paa! Nilipoteza vyungu sita siku moja. Tangu hapo hakuna anayelichimba."

"Mawe meupe," nikasema.

"Meupe, magumu, yana ncha. Mbona unalia?"

"Silii, mama. Ni moshi."

"Moto uko wapi?"

Nilitaka kukimbia huko saa ile ile. Mama akanishika nguo. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye shimo, kama mama yake kabla yake, lakini akasema shimo si la kwake peke yake. Kesho yake asubuhi wanawake wakakusanyika barazani, mimi nikawekwa nje ya uzio kama jogoo mgonjwa. Nilisikia kila neno.

"Kwanza ni yeye, kisha ni Mzungu wake," akasema bibi mmoja. "Mzungu akilichafua shimo, mwaka huu tutapikia nini? Ndevu zake?"

Wakacheka. Mwingine akasema, "Mume wangu yumo kwenye hao thelathini. Nyumba yangu ina vyungu kumi, ila hakuna chungu kinachojua kulima."

Kisha nikamsikia mama: "Mawe yale ni adui yetu. Wanayataka, tuwape. Lakini tutayachimba sisi. Wao wasivuke fundo."

Ndivyo ilivyokuwa. Sisi wanaume thelathini na zaidi tulikaa chini ya fundo la nyasi, tumelipa shimo mgongo, na mabingwa wa sululu wakasikiliza wake zao wakichimba kule juu na kuimba nyimbo nisizoweza kuziandika hapa, kwani nyingi zilituhusu sisi. Wakateremsha vikapu vitano vya mawe meupe, wakaviweka, wakarudi. Tukayasaga. Mtani wangu akachukua karai, akaingia kijitoni, akazungusha. Maji yakatoka, mchanga ukatoka, ulanga, vile vigamba vya jiwe, ukatoka ukimetameta kuwadanganya wajinga. Akazungusha tena polepole. Halafu akasimamisha karai, akaniita kwa kidole.

Nikasogea. Uzi wa njano, mnene kuliko wetu wa kwanza.

"Haya, sema," nikamwambia.

"Mwenye kusema ni mama yako," akajibu. "Wewe shika karai."

Lakini kazi haikuwa imekwisha. Mgodi hauchimbwi kwa vikapu vya wanawake, na ahadi ni ahadi, fundo hatulivuki. Hapo sasa, bila kujisifu, ndipo kichwa changu kilipofanya kazi yake. Mshipa si shimo. Mshipa ni mrefu, shimo ni mahali pamoja tu unapopita. Nikamwuliza mama, "Jiwe jeupe huko limelalaje? Nionyeshe kwa mkono." Akanyoosha mkono: kiwiko machweo, vidole vinakotokea jua la kiangazi, na kiganja kimeinama kidogo upande wa bonde. Ulikuwa ulalo ule ule wa mshipa wetu wa chini. Basi nikasimama penye fundo, nikaufuata mkono wa mama kwa macho mpaka ng'ambo ya kilima, nje kabisa ya mipaka yao, nikahesabu hatua, nikapiga kigingi. "Hapa. Mtaro, hatua ishirini, kukata njia yake."

Siku ya tatu ya mtaro, mtaro ukiwa bado mtupu, tukaiona machela inapanda kutoka Mkuyuni. Mzungu alikuwa amerudi kabla ya mwezi kuandama, amekonda, macho yamemtoka, na nyuma yake askari wawili wa boma, waliokuja kwa ajili ya wale thelathini.

Nikamwonyesha karai. Akaitazama dhahabu muda mrefu, kisha akanitazama mimi kwa namna ambayo hajawahi kunitazama.

"Jiwe limetoka wapi?"

"Juu kule, bwana."

"Nipeleke."

"Siwezi. Ni mahali pa wanawake."

Uso wake ukakunjana. Nikaelewa anachofikiri: kwamba nimeiba vumbi la dhahabu ya zamani nikalitia kwenye karai nimdanganye. Wapo watu waliofanya hivyo kwingine, alishanisimulia. Wale askari wakawa wanawatazama watu wetu kama mtu anavyotazama mbuzi wa mnada.

"Bwana," nikasema, na safari hii sikutaja kanzu, "ulisema mkia unasema. Mimi sikuusikia, nikachimba chini. Kosa langu. Sasa nimeusikia. Kaa hapa mpaka jua la kesho mchana. Jiwe jeupe lisipotokea kwenye mtaro huu, nipeleke mimi kwenye pamba wa kwanza."

Akaomba kiti. Akakaa ukingoni mwa mtaro amejifunika blanketi, akakaa mpaka jua likazama, na asubuhi kabla hatujashika sululu tulimkuta ameshakaa tena. Hakuna aliyehitaji kuhimizwa. Baba wa watoto watano alikuwa mbele, anapiga kama mtu anayeua nyoka. Jua likapanda. Jiwe la mistari. Jiwe la mistari. Likakaribia utosi, na mimi nikaanza kuhesabu upya hatua zangu moyoni, nikijiuliza kama mkono wa mama ulikuwa umenyooka sawasawa.

Sauti ya sululu ikabadilika.

Kila mchimbaji anaijua sauti ile. Jiwe la mistari linasema du, jiwe jeupe linalia. Yule baba wa watoto watano akaacha sululu, akapiga magoti, akafuta kwa viganja viwili kama anayemfuta mtoto uso. Jeupe, lina upana wa mkono, kutoka kiwiko mpaka vidole.

Mzungu alishuka mtaroni kwa miguu yake. Akavunja kipande, akakiramba kama mimi nilivyokuwa nikiyaramba ya kwenye sanduku lake, akakitazama kwa kioo chake. Kisha akageuka akawaambia askari maneno machache, nao wakachukua bunduki zao wakaanza kuteremka bila mtu hata mmoja nyuma yao.

"Nani alikuonyesha?" akaniuliza.

"Mkia, bwana. Na mama yangu." Nikaona haitoshi, nikaongeza, "Lakini kigingi nilipiga mimi."

Mvua ikaja siku tisa baadaye. Mzungu, ambaye sasa hakuwa na haraka, alikubali watu wafanye kazi asubuhi tu kwa wiki mbili, mchana wapande. Mimi pia nilipanda ngazi mbili za mama, kwa kuwa siku hizo alikuwa anafinyanga mtungi wetu, mkubwa kuliko uliovunjika, wa udongo wa shimo la kati. Kutoka juu ulisikia majembe ubavu mzima wa mlima, ngazi kwa ngazi, na watu wakiitana kutoka konde hili hadi lile.

Siku hizi vijana wakiletwa kwangu kujifunza kazi, nawapa kwanza donge la udongo mwekundu lenye mstari mweupe, nawaambia wakate, wasukume, watazame. Karatasi baadaye.

Lakini siku ile ya kupanda, nilikuwa nimeinama na jembe mtani wangu alipopita njiani na karai lake kichwani kujikinga mvua.

"Mluguru," akaniita, "leo unapanda nini, mahindi au majivuno?"

"Vyote viwili," nikamjibu.

Na vyote viliota.